Mohamed Amin: fundi wa foto na ile sekunde moja

Malori yenye kubeba shaba ya Katanga yanapita Kasumbalesa, yanavuka Zambia, na mengi yanamaliza safari yao ku bandari ya Dar es Salaam. Kila mutu wa Kakanda ao Likasi mwenye iko na ndugu dereva alisikia habari za ule muji: joto lake, bahari yake, Kiswahili chake chenye kinatoka pole pole. Ni mu ule muji, mu miaka ya 1950, kijana mumoja wa shule alipata kamera ya zamani, yenye mutu mwingine alikuwa amekwisha kuitumia, kwa shilingi 40. Jina lake lilikuwa Mohamed Amin. Alikufa mu 1996. Wengi kati yetu hawajui lile jina, lakini kazi yake ilifika fasi zote, juu picha zenye alipiga kule Ethiopia mu 1984 zilizunguka dunia nzima na kuamusha watu wenye walikuwa wamelala.

Tunaandika maisha yake juu ya ubishi wenye hauishake kati ya wapiga foto wetu, wale wa studio na wale wenye kutembea na apareyi begani ku ndoa na ku kilio. Kuko wenye wanasema foto ni hesabu: pima mwangaza, pima umbali, kamata mukono usitikisike, panga watu, kisha finya. Wengine wanasema foto ni kubamba: ukianza kupima, kicheko kimekwisha, machozi yamekauka, mutoto amekimbia. Amin alitumika miaka zaidi ya 30 katikati ya haya mawili, na kila upande ulimulipisha bei yake.

Mutoto wa reli

Alizaliwa Nairobi, tarehe 29, Mwezi wa 8, 1943, mu jamaa lenye lilitoka Punjab, mu Uhindi wa zamani. Baba yake alitumika ku reli. Wale wenye wazazi wao walitumika ku B.C.K. ao ku Union Minière watafahamu mara moja ile hali: kampani inahamisha baba, jamaa yote inafunga vitu na kufuata. Njo vile mutoto Mohamed alikomea Dar es Salaam, mu Tanganyika ya Waingereza, na Kiswahili kikakuwa luga yake ya barabarani.

Ile kamera ya shilingi 40 ilikuwa Box Brownie ya kampani Kodak. Vijana wa leo wakiiona watafikiri ni sanduku la viatu. Ilikuwa sanduku kweli: tundu moja yenye lensi ndogo mbele, filme ya kuzungusha ndani, na kifungo cha kufinya. Haikuwa na mashine ya kupima mwangaza, na hakukuwa namna ya kuongeza ao kupunguza mwendo sawa ku kamera kubwa. Filme moja ilitoa foto 8, kisha ikaisha. Ukipiga foto mbaya, umetupa feza.

Mutu anaweza kufikiri kifaa maskini sawa kile hakifundishe kitu. Kinafundisha mingi. Kwa sababu sanduku halikusaidie, wewe mwenyewe unapashwa kujua: jua liwe mugongoni mwako, mutu asikaribie kupita hatua mbili ao tatu, sanduku likae imara ku tumbo, pumuzi isimame kidogo wakati wa kufinya. Na kwa sababu uko na foto 8 tu, unajifunza kungojea. Unaangalia, unangojea, unafinya mara moja. Ile shule ya foto 8 ilibakia mu mikono ya Amin mupaka mwisho, hata wakati alikuwa na kamera tatu shingoni na filme za kutosha.

Alijifunza pia kazi ya chumba cha giza. Mule ndani hakuna kubahatisha. Dawa ikiwa ya moto kupita kiasi, foto inachomeka; dakika zikipunguka, foto inatoka ya kijivu bila nguvu. Ndugu zetu wa konsantrateri ya Kakanda wanaijua ile hesabu kwa njia yao: dawa ikizidi ao ikipunguka mu maji, shaba haipande na povu, inaenda na matope. Amin angali kijana alianza kupigia shule yake foto, akafuata mashindano makubwa ya motokari ya Safari yenye yalipita mu Afrika Mashariki, akauzisha foto ku magazeti. Gari ya mashindano inapita mbele yako sekunde moja, na vumbi linabakia. Kama haukukwisha kuchagua fasi yako, umbali wako na kiasi cha mwangaza mbele gari haijatokea ku kona, umekosa. Pale njo alianza kuelewa kama haraka ya kweli inatayarishwa pole pole.

Mu 1963, akiwa na miaka 20 hivi, alifungua kampani yake pale Dar es Salaam na kuiita Camerapix. Ilikuwa duka ndogo ya foto, lakini jina lake lingali liko mupaka leo.

Zanzibar na jela

Tarehe 12, Mwezi wa 1, 1964, mapinduzi yaliangusha utawala wa sultani kule Zanzibar. Kisiwa kiko karibu na Dar es Salaam, na Amin alikuwa kati ya wapiga picha wa kwanza wenye walileta habari za ile damu. Alifanya jambo lenye wengi wa wakati ule hawakufanya: alibeba kamera ya foto pamoja na kamera ya filme, akiwa mutu mumoja. Foto ziliuzwa ku magazeti, filme ilienda ku televisheni za Ulaya.

Inafaa kueleza ile kamera ya filme ilikuwa namna gani, juu leo telefoni inakamata video saa nzima bila kuchoka. Kamera za milimita 16 zenye wapiga habari wengi walitumia wakati ule zilienda na kamba ya chuma ndani, sawa saa ya zamani. Unasokota kwa mukono, inatembea karibu nusu dakika, inasimama, unasokota tena. Roli moja ya metre 30 haikufikisha hata dakika 3. Kisha unapashwa kufungua, kutosha, kutia ingine, bila jua kuingia ndani. Mutu mwenye anafanya ile kazi mu barabara yenye watu wanapigana na kukimbia, vidole vyake vinapashwa kujua njia bila macho. Macho yako na kazi ingine.

Serikali mupya ya kisiwa haikupenda macho yale. Mu 1966 Amin alikamatwa Zanzibar juu ya picha zenye alitafuta kuhusu mambo ya kijeshi kule, akafungwa siku 28, akateswa, kisha akafukuzwa mu Tanzania yote. Alivuka mupaka akaenda Nairobi, muji wenye alizaliwa, lakini bila duka, bila wateja. Alianzisha Camerapix mara ya pili kutoka sifuri. Alikuwa na miaka 23 hivi.

Siku ya posho, Nairobi

Tarehe 5, Mwezi wa 7, 1969, ilikuwa siku ya posho. Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi wa Kenya, alitoka mu duka la dawa mu barabara kubwa ya Nairobi, na mutu akamupiga risasi. Mboya alikuwa na miaka 38. Watu wengi walikuwa wanamuona sawa mukubwa wa kesho wa inchi.

Amin alipata habari na akafika mu dakika chache. Alipanda mu ambulansi pamoja na Mboya, akaendelea kupiga wakati watu walikuwa wanajikaza kumurudishia pumuzi njiani kuelekea hospitali. Mboya alikufa. Zile picha njo ulimwengu uliona.

Tufikirie kidogo kazi ya mukono pale. Inje kuko jua la mchana la Nairobi. Ndani ya ambulansi kuko giza nusu. Kamera yenye imepimwa kwa inje, ndani itatoa weusi mutupu. Umbali nao umebadilika: mu barabara watu wako metre tano ao kumi, ndani ya ambulansi uso uko karibu kugusa lensi. Gari linatikisika. Mutu mwenye anaanza pale kuuliza kifungo gani ni cha nini, hatabeba kitu. Amin hakupata nafasi ya kuuliza. Miaka 15 ya kufungua na kufunga ile lensi ilikuwa imekwisha kuingia mu vidole.

Mupiga baruti wa karieri ataona tunasema nini. Wakati siren inalia, hapimi tena tundu. Amekwisha kupima urefu, amekwisha kuhesabu baruti, amekwisha kufunga nyaya, na wakati wa kufinya kichwa chake kiko huru kuangalia kama kuko mutu mwenye amebakia chini. Mwenye hakupima asubuhi, wakati wa kufinya kichwa chake kingali mu hesabu, na ile hesabu inaweza kuua. Kwa foto hakuna kifo mara mingi, lakini mupango ni ule ule: hesabu inafanywa mbele, ili wakati jambo linatokea jicho liwe huru.

Ile kazi ilimupatia Amin zawadi ya mupiga filme wa mwaka kule Uingereza. Ilimupatia pia ulizo lenye lilimufuata maisha yote: mutu anakufa mbele yako, na wewe unakamata kamera? Amin hakukuwa munganga. Wenye walijua kusaidia walikuwa mule wanasaidia. Kazi yake ilikuwa kuona, ili kesho mutu asiseme jambo halikutokea ao lilitokea namna ingine.

Kazi ya kungojea

Isionekane kama Amin alikuwa mutu wa mbio tu. Mu miaka yenye ilifuata alikuwa mukubwa wa Visnews kwa Afrika, kampani yenye ilipelekea televisheni za dunia picha za habari. Alipiga vita, mapinduzi, na kufukuzwa kwa Wahindi wa Uganda mu 1972. Mu 1980, yeye na mwandishi Brian Barron wa BBC walimufikia Idi Amin Dada kule Saudi Arabia, wakamurekodi kwa televisheni mbele ya wengine wote tangu akimbie Uganda.

Lakini katikati ya zile mbio alitosha vitabu vyenye vinaomba uvumilivu wa muvuvi. Kitabu chake juu ya safari ya Makka kilitoka mu 1978. Amin mwenyewe alikuwa Mwislamu, na kupiga foto kule kulihitaji ruhusa za kifalme, hesabu ya saa za jua na ya watu wengi wenye wanazunguka bila kusimama. Mu 1981 kikatoka kitabu juu ya watu wa ziwa Turkana, kaskazini ya Kenya, inchi ya jua kali na upepo. Kisha vikafuata vitabu vya safari mu Kenya na mu Tanzania, vyenye alitengeneza pamoja na mupiga foto Duncan Willetts; kwa kile cha Kenya, mwandishi Brian Tetley alikuwa pamoja nao.

Foto za aina ile hazibambwe. Ku Turkana jua la saa sita linachonga weusi chini ya macho ya watu na kuwafanya waonekane kama mafuvu. Mupiga foto anapashwa kuamuka mbele ya jua, ao kungojea lishuke. Anachagua fasi, anapima, kisha anakaa mupaka watu wamuzoee na kusahau yule mutu wa kamera. Wakati wanamusahau, mama anacheka na mutoto wake, muzee anatengeneza wavu, na foto inakuja yenyewe. Njo hapo ile nusu ingine ya kazi yake inaonekana. Ku barabara ya Nairobi alitayarisha mikono ili aweze kwenda mbio. Ku Turkana alitayarisha fasi ili watu wengine waweze kuwa huru. Mu hali zote mbili, jambo zuri lilitokea bila kulazimishwa, lakini halikutokea bila kutayarishwa.

Korem, 1984

Mu Mwezi wa 10, 1984, Amin alifika kaskazini ya Ethiopia pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Mvua ilikuwa imekosekana, vita ilikuwa inaendelea, na serikali ya Mengistu haikutaka watu wa inje waone. Amin njo alipigania ruhusa mupaka zikatoka, juu alijua maofisa, alijua milango, na hakuchokake kungojea ku viti vya biro. Hata ile ni sehemu ya kutayarisha foto.

Kule Korem walikuta watu karibu 40 000 wamekusanyika fasi moja, wanangojea chakula chenye hakikuwako. Korem iko mu milima, na usiku wake ni wa baridi kali. Asubuhi, wakati mwangaza ulianza kutoka, ilionekana wenye walikuwa wamekufa usiku, wamefungwa mu nguo, na jamaa zao wamekaa pembeni.

Mwenye anajua kamera atajiuliza namna gani mutu anapiga mu mwangaza ule. Alfajiri mwangaza ni mudogo, lensi inapashwa kufunguliwa sana, na ikifunguliwa sana kinachoonekana wazi ni kipande chembamba tu: ukikosa umbali kidogo, uso unatoka na ukungu. Mukono ukitikisika, picha inaruka. Wapiga filme wengi mbele ya shida kubwa wanakimbiza kamera huku na huku, sawa macho yao yenyewe yanatafuta kukimbia. Amin alifanya kinyume. Kamera yake mule Korem inatembea pole. Inapita juu ya watu wengi, inafika ku uso mumoja, inasimama. Inabakia pale mupaka mwenye kuangalia, mu nyumba yake ya mbali, anakosa njia ya kugeuza kichwa.

Hapa kwa Amin hesabu ilikuwa heshima. Picha yenye kutikisika ingepatia watu wa Ulaya sababu ya kusema ni makelele ya mbali. Picha imara iliwaambia huyu ni mama, huyu ni mutoto wake, hesabu mifupa. Na wale watu hakuwapanga. Hakuwaomba wakae hivi ao vile. Kila kitu mule ni jinsi alikikuta. Alikuwa imara, na mbele ya lensi yake maisha yaliendelea ao yalikatika bila yeye kuyagusa.

BBC ilionyesha ile filme tarehe 23, Mwezi wa 10, 1984. Vituo vya televisheni zaidi ya 400 duniani viliirudilia. Mwimbaji Bob Geldof aliiona mu nyumba yake na kukusanya wanamuziki wa Uingereza. Amerika, Michael Jackson na Lionel Richie waliandika wimbo wao mu 1985. Tarehe 13, Mwezi wa 7, 1985, ngoma kubwa ya Live Aid ilichezwa London na Philadelphia siku moja. Feza nyingi zilipatikana, na ubishi juu ya namna zilitumiwa haujaisha mupaka leo. Lakini chakula kilifika, na watu wenye wangekufa waliishi.

Ghala la baruti

Sasa tunafika fasi yenye wachimbaji watasoma na kunyamaza kidogo. Mwisho wa Mwezi wa 5, 1991, wapiganaji waliingia Addis Ababa na utawala wa Mengistu ukaisha. Siku chache kisha pale, tarehe 4, Mwezi wa 6, ghala la silaha la muji lilishika moto na kuanza kulipuka. Amin na wenzake walienda kupiga. Wakiwa pale, mulipuko mukubwa sana ulitokea na kuwarusha. John Mathai, Mukenya mwenye alitumika naye upande wa sauti, alikufa palepale. Amin alipoteza mukono.

Mutu yeyote wa mugodi anajua ile sheria: kisha mulipuko wa kwanza, haukaribie haraka, juu kile kimebakia ndani hakijasema neno lake. Wapiga habari wanaijua pia. Lakini kazi yao inawavuta kukaribia wakati kila mutu anakimbia, na maisha yote ya Amin yalikuwa yamejengwa juu ya kufika wa kwanza. Kule Nairobi mu 1969 kufika haraka kulimupatia zawadi. Kule Addis Ababa kufika haraka kulikula mukono wake na uzima wa mwenzake. Hapa hatuwezi kuandika kama kujitayarisha kunalinda mutu siku zote. John Mathai alikuwa fundi, na alikufa.

Mu makambi yetu tunajua wanaume wenye walitoka mu mugodi na mukono moja ao muguu moja. Tunajua vile wanakaa ku mulango, wanaangalia wengine wanaenda kazini. Kwa mupiga filme, mukono moja ni karibu mwisho. Mukono moja unabeba uzito wa kamera, mwingine unageuza lensi. Vidole vyenye vilijua njia bila macho, nusu yao ilikuwa imeenda.

Amin alikuwa na miaka 47. Aliwekewa mukono wa bandia wenye kutembea na umeme, na akaanza kujifunza tena mambo yenye kijana wa Box Brownie alijifunza: kukamata imara, kusimamisha pumuzi, kungojea, kufinya. Miezi michache tu kisha ile ajali alikuwa amerudi kazini. Mukono wa chuma hausikie baridi wala uzito kama mukono wa nyama. Kila tendo lenye zamani lilienda lenyewe, sasa lilipashwa kufikiriwa kwanza. Alirudia, akarudia, mupaka mawazo yakaacha tena ku mukono na kurudi ku jicho. Wenye wanamukumbuka juu ya Korem wangefaa kumukumbuka juu ya ile miezi pia, yenye hakuna televisheni ilionyesha.

Komoro

Tarehe 23, Mwezi wa 11, 1996, Amin na Brian Tetley walipanda ndeke ya Ethiopian Airlines mu Addis Ababa ili warudi Nairobi. Ile ndeke ilipashwa kuendelea mupaka Brazzaville, Lagos na Abidjan. Njiani watu watatu waliikamata kwa nguvu na kulazimisha rubani awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kama mafuta hayataenea. Hawakusikia. Ndeke ilifuata pwani ya Afrika, mafuta yakaisha, na ikaanguka mu bahari karibu na kisiwa cha Komoro Kubwa. Mu watu 175 wenye walikuwa ndani, 125 walikufa. Amin na Tetley walikuwa kati yao. Kulingana na wale walipona, Amin alikuwa amesimama mbele, anabishana na watekaji, mupaka dakika za mwisho. Alikuwa na miaka 53.

Ile ndeke ilianguka mbele ya hoteli ya pwani. Mutalii mumoja, mwenye alikuja kupumuzika kisha ndoa, alikuwa ku muchanga na kamera ndogo ya video. Aliona ndeke inashuka, akanyanyua kamera, akabamba bawa linagusa maji na ndeke kuvunjika. Picha zile zilizunguka dunia sawa zile za Korem. Mutu mwenye hakuwa fundi njo alikamata kifo cha fundi.

Wale wenye kusema foto ni bahati tu watafurahia ile habari. Ni kweli, bahati ilimupatia yule mutalii sekunde zake, na alifanya vizuri kunyanyua kamera. Lakini bahati ilimutembelea siku moja. Amin ilimukuta Zanzibar, ikamukuta Nairobi, ikamukuta Korem, juu kila mara alikuwa amekwisha kutafuta ruhusa, kusokota kamera, kuchagua fasi, kungojea. Mutu mwenye anatumika namna ile hakungojee bahati imukute amelala.

Leo Camerapix ingali iko Nairobi, na mwana wake Salim Amin njo anaichunga pamoja na foto na filme za baba yake. Mu 2006 alitosha filme juu ya maisha ya baba, bila kuficha kama mutu mwenye alikuwa kila fasi ya Afrika mara mingi hakuwa ku nyumba yake. Ile pia ni bei, na jamaa za wachimbaji, zenye zinajua baba wa kazi ya usiku na baba wa karieri ya mbali, hazihitaji kuelezwa.

Vijana wa Kakanda wako na kitu chenye Amin wa miaka ya 1950 angekinunua kwa feza yoyote: kamera mu mufuko, foto bila mwisho, video bila kusokota. Wakitaka kupiga baba wanatoka kazini na kaske zao, ao bibi ku soko, ao mutoto siku ya kwanza ya shule, hesabu ni ile ile ya sanduku la shilingi 40. Pangusa lensi. Weka jua mugongoni mwako, hapana mugongoni mwa mutu mwenye unapiga. Kaza viwiko ku mbavu. Sogea karibu kwa miguu, usivute kwa vidole. Rudilia ile yote siku zenye hakuna jambo, mupaka mukono uizoee. Kisha, siku jambo linakuja, sahau telefoni na angalia mutu.